Bendera nyeusi na nyeupe: Bretagne, ramani iliyokatwa na diski ya shingoni

Februari 2025 tulikuwa tumejaa kwa kibanda cha mpira hapa mtaani, Paris Saint-Germain wakicheza na Brest kwa Champions League. PSG wakashinda tatu bila. Wiki iliyofuata wakawaongeza saba. Kumi bila kwa mechi mbili, manze, hata mtu wa Arsenal alinyamaza.

Lakini kwa ile mechi ya kwanza kuna kitu kilinikwama machoni. Kwa majukwaa, katikati ya watu wa Brest, kulikuwa na bendera ambayo si ya Ufaransa. Haina buluu, haina nyekundu. Ni mistari myeusi na myeupe, na kona ya juu ina vialama vidogo vyeusi kama nyayo za ndege. Msee aliyekuwa kando yangu akasema kwa ujasiri kabisa kwamba hao ni mashabiki wa Juventus. Nikacheka, halafu nikajiuliza: sasa hiyo ni nini?

Nilifika nyumbani na bando kidogo iliyobaki, nikaanza kusoma. Saa tisa usiku bado nilikuwa macho. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna lekchara aliyenituma, wala hakuna mtihani. Nilisoma tu kwa sababu kila nilipofungua kitu, nilikuta kitu kingine kinachonihusu. Nitawaeleza polepole.

Tuanze na mpira, kwa sababu ndiyo lugha tunayoelewana. Ile mechi ya kwanza Brest hawakuicheza kwao. Uwanja wao haukufikia masharti ya UEFA, wakaazima wa jirani, mji unaoitwa Guingamp. Guingamp ina watu kama 7,000. Elfu saba, buda, hiyo ni ploti kadhaa za Pipeline. Lakini uwanja wake unabeba zaidi ya 18,000, na timu yake imechukua kombe la Ufaransa mara mbili, 2009 na 2014, na mara zote mbili fainali ilikuwa dhidi ya Rennes, majirani zao wa mkoa huohuo. Na kabla Didier Drogba hajawa Drogba wa Chelsea, alikuwa mshambuliaji wa Guingamp. Aliondoka hapo 2003 kwenda Marseille. Kwa hivyo kama uliwahi kuvaa jezi namba 11 ya bluu shuleni, ujue ulikuwa na deni dogo kwa watu wa bendera nyeusi na nyeupe.

Mkoa wenyewe unaitwa Bretagne. Chukua ramani ya Ufaransa uangalie kushoto juu, ile pua ndefu inayochomoza ndani ya Atlantiki. Kaskazini yake ni mkono wa bahari unaoitenganisha na Uingereza, kusini ni ghuba ya Biscay. Upana wake ni kilomita za mraba 27,000 na kitu, watu kama milioni 3.4. Uko na kaunti nne, ambazo Wafaransa wanaziita département. Ya mwisho kabisa magharibi inaitwa Finistère, maana yake kwa Kilatini ni mwisho wa dunia. Wenyeji wanaiita Penn-ar-Bed kwa lugha yao, na hiyo ni kichwa cha dunia. Penda usipende, kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema unaishi mwisho na wewe unayesema unaishi mwanzo.

Pwani yake imekatikakatika hadi ukiipima pamoja na visiwa unapata takriban kilomita 2,700. Si pwani ya minazi na mchanga mweupe kama Diani. Ni miamba, upepo, minara ya taa katikati ya mawimbi. Na maji yake yanapanda na kushuka vibaya sana. Mombasa, bamvua likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita tatu au nne. Saint-Malo, mji wa kaskazini ya Bretagne, tofauti inaweza kupita mita 12. Hiyo ni jengo la ghorofa nne linazama na kutoka kila siku. Ndiyo maana mwaka wa 1966 walifungua kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya bamvua hapo kwa mto Rance, na bado kinafanya kazi.

Kule ndani, mbali na bahari, ni mashamba na vichaka. Wabretoni wenyewe wamegawa nchi yao mara mbili: Armor, nchi ya bahari, na Argoat, nchi ya msitu. Leo ile nchi ya ndani ni ya nguruwe. Zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa Ufaransa wanafugwa Bretagne, na mbolea yake inashuka mitoni hadi baharini, inalisha majani ya kijani yanayooza ufuoni na kutoa gesi yenye sumu. Hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini msije mkadhani nawauzia paradiso.

Watu wamekaa hapo tangu zamani za ajabu. Carnac kuna mawe zaidi ya 3,000 yaliyosimamishwa kwa mistari, mengine miaka elfu sita iliyopita, kabla ya piramidi za Misri. Julius Caesar akaja mwaka wa 56 kabla ya Kristo, akawashinda Waveneti kwa vita vya majini. Lakini jina Bretagne halikutoka kwa hao. Lilikuja na wakimbizi na wahamiaji. Karne ya tano na ya sita, Wabritoni wa kisiwa kile tunachokiita leo Uingereza walivuka bahari wakati Waanglo-Saksoni walikuwa wanawasukuma magharibi. Wakatua kwenye hii pua, wakaleta lugha yao. Kumbe ndiyo maana kisiwa kinaitwa Bretagne Kubwa! Kubwa, kwa sababu kuna nyingine ndogo. Maisha yangu yote nilikuwa nafikiri ni majigambo tu ya wakoloni wetu.

Hiyo lugha, Kibretoni, si tawi la Kifaransa. Ndugu yake wa damu ni Kiwelisi, kile cha Wales. Lishike hilo jina, Wales, tutalirudia.

Kwa karne nyingi Bretagne ilijitawala. Mwaka wa 845 kiongozi wao Nominoë alimpiga mfalme wa Wafaranki vitani, na baadaye wakawa na mtawala wao, duki, na bunge lao. Sasa, ilichukuliwaje? Hapa ndipo nilipoanza kukasirika, kwa sababu haikuchukuliwa kwa bunduki peke yake. Ilichukuliwa kwa ndoa.

Msichana anaitwa Anne. Alizaliwa Nantes mwaka wa 1477. Akiwa na miaka 11, jeshi la babake linashindwa na la mfalme wa Ufaransa, Julai 1488, na miezi miwili hivi baadaye baba anafariki. Mtoto wa darasa la tano anakuwa mtawala wa nchi. Mkataba baada ya vita ulikuwa umesema binti za duki wasiolewe bila mfalme kukubali. Washauri wake wakajaribu ujanja, wakamwoza kwa Maximilian wa Austria mwaka wa 1490, na bwana harusi mwenyewe hakuwepo, alituma mwakilishi. Mfalme Charles VIII akaja na jeshi, akauzingira mji wa Rennes, na Desemba 1491 Anne akaolewa na huyohuyo aliyemzingira. Alikuwa na miaka 14. Kwa mkataba wa ndoa kukawekwa kifungu: mfalme akifa bila mtoto wa kiume, Anne lazima aolewe na mfalme atakayefuata.

Na mfalme akafa. 1498, aligonga kichwa kwa fremu ya mlango akienda kuangalia mchezo, akafa siku hiyohiyo. Sitanii. Aliyemfuata, Louis XII, alikuwa tayari na mke. Akaivunja hiyo ndoa, Januari 1499 akamwoa Anne. Anne ndiye mwanamke aliyekuwa malkia wa Ufaransa mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ya shamba alilorithi. Alipambana kulinda utawala wa nchi yake hadi alipofariki 1514, lakini binti yake akaolewa na mfalme aliyefuata, na 1532 ikatiwa sahihi: Bretagne na Ufaransa ni kitu kimoja milele.

Wabretoni hawakuingia mikono mitupu, lazima niwape haki yao. Walipata masharti. Hakuna kodi mpya bila bunge lao kukubali. Na chumvi, ambayo sehemu kubwa ya Ufaransa ilitozwa kodi kali sana, kwao ilibaki bila kodi hiyo. Ndiyo maana mpaka leo siagi ya Bretagne ni ya chumvi. Wengine Ufaransani walizoea siagi isiyo na chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa ghali, hawa waliimwaga tu. Unaweza kuonja mkataba wa 1532 kwa mkate.

Halafu mfalme akasahau ahadi, kama kawaida ya serikali. 1675, Louis XIV anataka pesa za vita na Waholanzi, analeta kodi ya karatasi rasmi, ya tumbaku na ya vyombo. Watu wakaamka. Wakulima wa magharibi walivaa kofia nyekundu, wakachoma nyumba za wakubwa. Majeshi yalipokuja, watu walinyongwa, na makanisa ambayo kengele zao zililia kuita watu kwa maandamano yalikatwa minara. Mingine haikujengwa tena, iko hivyo mpaka leo. Miaka 338 baadaye, 2013, serikali ya Paris ikaleta kodi ya malori kwa ajili ya mazingira, na Wabretoni wakatoka tena na kofia nyekundu zilezile, wakaangusha vyuma vya kukagua malori barabarani. Kodi ikasimamishwa, baadaye ikafutwa. Sisi tuliokuwa barabarani Juni 2024 kwa sababu ya Mswada wa Fedha hatuhitaji kutafsiriwa hapo.

Sasa kabla hujawahurumia sana, ngoja. Maana na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwapenda, nikafika Lorient.

Lorient ni mji wa bandari kusini ya Bretagne. Ulianza 1666 wakati mfalme alipoipa kampuni yake ya biashara ya Bahari ya Hindi kiwanja cha kujenga meli. Meli kubwa iliyojengwa hapo iliitwa Jua la Mashariki, kwa Kifaransa Soleil d'Orient, na pale pakabaki na jina L'Orient, Mashariki. Yaani mji ulioko magharibi kabisa ya Ufaransa unaitwa Mashariki. Na Mashariki hiyo ni upande wetu, wasee, hii bahari yetu na India kule ng'ambo. Meli zilitoka hapo kwenda kuchukua pilipili, vitambaa na chai, na zilipita visiwa viwili ambavyo Ufaransa ilikuwa imevichukua, Mauritius na Réunion. Gavana aliyeijenga Mauritius kuanzia 1735, Mahé de La Bourdonnais, alikuwa mtoto wa Saint-Malo, ule mji wa mita 12.

Visiwa vilitaka watu wa kulima miwa na kahawa bila kulipwa. Walitolewa Madagaska, Msumbiji, na pwani ya Waswahili. Mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa anayeitwa Morice alitia sahihi mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa elfu moja kila mwaka. Kilwa, ile ya kwenye kitabu cha historia ya darasa la sita, ya sarafu na misikiti ya matumbawe. Sultani naye alikuwa na sahihi yake kwa hiyo karatasi, tusijifanye.

Na upande wa Atlantiki kulikuwa na Nantes, mji wa Anne. Nantes ndiyo bandari iliyoongoza Ufaransa nzima kwa biashara ya watumwa, zaidi ya safari 1,700. Tangu 2012 kuna ukumbusho chini ya barabara kando ya mto Loire, na ukitembea juu yake unakanyaga vioo vyenye majina ya meli na tarehe. Majina mengine ni matamu, ungedhani ni ya boti za harusi. Mtu anaweza kunyang'anywa nchi yake na bado akaenda kununua watu wa nchi nyingine. Sijui niseme nini zaidi hapo. Nilifunga simu, nikalala, nikaendelea kesho yake.

Kesho yake nikauliza swali la kijinga: Nantes iko kaunti gani ya Bretagne? Jibu: haiko.

Ona hii. Mapinduzi ya 1789 yalifuta haki zote za pekee za mikoa, pamoja na zile za 1532. Mwaka uliofuata Bretagne ikagawanywa kaunti tano. Tano. Ya tano ilikuwa ya Nantes, leo inaitwa Loire-Atlantique. Juni 1941, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, serikali ya Vichy iliyoshirikiana nao ikachora mikoa mipya, na kwa kalamu tu ikaitoa Nantes nje ya Bretagne. Vita vikaisha, Vichy ikaanguka, lakini serikali ya jamhuri ilipochora mikoa yake miaka ya hamsini iliacha mstari palepale. Nantes ikawa makao makuu ya mkoa mwingine wenye jina la mto, Pays de la Loire. Mwaka wa 2014 mikoa ya Ufaransa ilichorwa upya tena, mikoa 22 ya bara ikawa 13, watu wakaandamana Nantes, na bado mstari haukusogea.

Kwa hivyo jumba la maduki wa Bretagne, ambalo mpaka leo linaitwa hivyo, na ndilo Anne alizaliwa ndani yake, liko nje ya Bretagne. Ni kama uambiwe Fort Jesus iko Mombasa, ila Mombasa si ya Pwani tena, iko mkoa mpya unaoitwa Nchi za Mto Tana.

Na ile bendera sasa inaeleweka. Ilichorwa miaka ya 1920. Ina mistari tisa, kwa majimbo tisa ya kanisa ya zamani. Mitano ni myeusi, upande wa mashariki uliozungumza Kifaransa na Kigalo, lugha jirani ya Kifaransa. Minne ni myeupe, upande wa magharibi uliozungumza Kibretoni. Mmoja kati ya ile myeusi ni Nantes. Serikali ilibadilisha ramani, bendera ikakataa kubadilika. Kila mtu anayeipeperusha uwanjani anahesabu Nantes, hata kama amelewa na hajui.

Nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo. Lugha.

Wakati wa mapinduzi, viongozi wa Paris waliamua kwamba jamhuri moja inataka lugha moja. 1794 mmoja wao, Barère, alisimama mbele ya bunge akaitaja lugha ya Kibretoni kama lugha ya ushirikina na ya shirikisho. Mwaka huohuo padri Grégoire akatoa ripoti ya kutaka lugha zote za mikoa ziangamizwe. Hawakuwa na walimu wala pesa wakati huo. Karne iliyofuata walipata. Sheria za 1881 na 1882 zilifanya shule iwe ya bure na ya lazima, na lugha ya shule ni Kifaransa tu.

Watoto wa magharibi ya Bretagne waliingia darasani bila hata neno moja la Kifaransa. Na walimu wengi walikuwa na dawa. Inaitwa symbole, kwa maana ya alama. Ni kiatu cha mbao kilichochakaa, au kipande cha ubao, au jiwe, mara nyingi kwa kamba. Ukikamatwa unaongea Kibretoni, unavalishwa shingoni. Njia pekee ya kukivua ni kumsikia mwenzako akiongea Kibretoni na kumripoti, umpatie yeye. Atakayekuwa nacho jioni ndiye anayeadhibiwa. Mahali pengine walikiita ng'ombe, la vache.

Nilipofika hapo niliweka simu chini kabisa.

Kwa sababu mimi nilikivaa. Si Bretagne, hapa Kenya, darasa la nne, karne ya ishirini na moja. Sisi tulikiita diski. Kwetu kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Jumatatu hadi Alhamisi Kiingereza, Ijumaa Kiswahili, lugha ya nyumbani hakuna siku yake. Sheng nayo ilikuwa kosa lilelile. Unavalishwa, unamtafuta mwenzako aropokwe, unampatia, na jioni wote waliopitiwa nacho wanaitwa mbele. Nilichapwa kwa neno moja la Kikamba. Cha ajabu ni kwamba hilo neno silikumbuki. Nakumbuka kamba tu, vile ilikuwa inakwaruza.

Nani alimfundisha nani? Sisemi Wafaransa walituletea diski. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya kitu hichohicho kwa shule za Kenya ya mkoloni Mwingereza, hata Decolonising the Mind ya 1986 inacho. Na Waingereza walikuwa na chao nyumbani tayari, karne ya 19, kwa watoto wa Wales: kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kuongea Kiwelisi. Kiwelisi, ndugu ya Kibretoni. Lugha mbili za damu moja, pande mbili za bahari, chini ya serikali mbili zilizochukiana kwa miaka mia nyingi, na zote mbili zikatundikwa mbao shingoni. Ni kama ile kitu ilikuwa inajizalisha yenyewe popote kuna serikali inayoonea aibu watu wake.

Na ujanja wake si kiboko. Kiboko kinaisha. Ujanja ni kwamba mwalimu hahitaji kuwepo. Watoto wenyewe wanakuwa askari, na rafiki yako anakuwa na faida ukikosea. Mimi nilimpatia diski deskmeti wangu, ambaye babake alikuwa amefariki wiki hiyo na alikuwa analia kwa Kikamba. Hiyo ndiyo naikumbuka vizuri, na ningependa kuisahau.

Lakini shule peke yake haikukiua Kibretoni, na hapa ndipo watu wanaopenda stori rahisi hupotea. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya miaka ishirini ya hizo sheria, Kibretoni bado kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni moja. Kilichofuata ni kazi. Reli ilifika Brest 1865, na vijana wa Bretagne wakaanza kumiminika Paris. Wavulana kwa mijengo, wasichana kwa kazi za nyumba. Wakashukia kituo cha Montparnasse, wakakaa mtaa huohuo, mpaka leo hapo kuna mikahawa ya chapati zao za ngano nyeusi. Watu wa Paris waliwacheka. Mwaka wa 1905 jarida moja la wasichana lilianza kuchora mhusika anayeitwa Bécassine, kijakazi Mbretoni, mjinga mwenye moyo mzuri. Mchoraji hakumchorea mdomo. Mfanyakazi wa nyumbani asiye na mdomo, na ukaniambia hujawahi kuona hiyo kejani kwa watu.

Halafu vita viwili vya dunia. Wanaume walienda kwa jeshi la Wafaransa, na vya pili vikaacha Brest na Lorient zimebomoka kwa mabomu kwa sababu Wajerumani waliweka hapo nyambizi zao. Baada ya 1945 wazazi wakapiga hesabu. Kifaransa ni kazi ya posta, ya reli, ya ualimu. Kibretoni ni matope na kuchekwa. Wakaendelea kuongea Kibretoni wao kwa wao jikoni, na wakigeuka kwa mtoto, Kifaransa. Hakuna aliyewalazimisha ndani ya nyumba. Waliwapenda watoto wao. Kizazi kimoja tu, na mnyororo wa miaka 1,500 ukakatika jikoni.

Nilimuuliza matha yangu kwa nini hakutufundisha Kikamba. Alinijibu, mlikuwa mnaenda shule ya watoto wa Nairobi, nilitaka mchekwe?

Siwezi kumlaumu. Na siwezi kusema alikuwa sahihi.

Wabretoni waliamka wakiwa wamechelewa. 1972 Alan Stivell alipiga kinubi na muziki wa kwao, jukwaa la Olympia jijini Paris, na vijana ambao wazazi wao waliwaficha lugha wakaanza kuidai. 1977 wazazi wachache wakafungua shule ya chekechea ambapo kila kitu ni kwa Kibretoni. Wakaiita Diwan, maana yake kuchipua. Leo shule hizo zina watoto hadi sekondari. Lakini katiba ya Ufaransa tangu 1992 inasema lugha ya jamhuri ni Kifaransa, na Mei 2021, bunge likiwa limepitisha sheria ya kuzisaidia lugha za mikoa, Baraza la Katiba likasema kufundisha kwa kuzamisha mtoto ndani ya lugha hiyo hakupatani na katiba. Hata herufi ñ kwa jina la mtoto ilipelekwa kortini, mtoto wa Quimper aliyezaliwa 2017. Serikali nzima na alama ya wimbi juu ya n.

Utafiti uliotolewa mwanzoni mwa 2025 ulihesabu wasemaji karibu 107,000. Mwaka wa 2018 walikuwa zaidi ya 200,000. Umri wao wa wastani umeshuka, na hiyo inasikika kama habari njema mpaka uelewe sababu kubwa: wazee wamekufa.

Susu wangu yuko Makueni, ana miaka themanini na kitu. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kiingereza hana. Nikipiga simu nasema wakya, anasema aa, halafu tunabaki tunasikilizana tukipumua mpaka matha achukue simu. Juzi niliamua kumwelezea hii stori yote, matha akitafsiri. Anne, siagi, kiatu cha mbao. Susu aliuliza hao watu wanafuga nini, nikasema nguruwe, akasikitika. Kwa kile kiatu nikamuuliza kama naye aliwahi kuvalishwa diski shuleni.

Matha hakutafsiri hilo swali. Aliniambia Susu hakuwahi kwenda shule. Akanyamaza kidogo, simu ikiwa bado wazi, halafu akasema yake, yeye, ilikuwa mfupa wa ng'ombe.